Je, wajua ni kwa nini pikipiki ya theluji iliyopinduka haiwashwi papo hapo?

Mtu amepinduka na pikipiki ya theluji kwenye mteremko. Ameinuka mzima, amekung'uta theluji iliyomwingia shingoni, wenzake wamemsaidia kuisukuma mashine mpaka imesimama tena sawasawa. Sasa angalia mkono wake unakoelekea: moja kwa moja kwenye kamba ya kuwashia. Anataka tu kusikia kama bado inanguruma. Waliozoea mashine hizi watamshika mkono huo, tena kwa ukali, wamwambie afungue kwanza plagi. Injini inaweza kubingirika mara tatu mlimani isipate hata mkwaruzo, kisha ikapinda konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, kwa kuwashwa mara moja tu.

Inakuwaje?

Tuijue kwanza mashine yenyewe, maana wengi wetu tumeiona kwenye picha tu. Haina magurudumu. Mbele ina ski mbili zinazofuata usukani, nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno, unaozunguka kama mnyororo wa tingatinga. Mkanda huo una historia ya huzuni. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa mji wa Valcourt huko Quebec, Kanada, alifiwa na mwanawe mdogo mwaka 1934 wakati theluji imefunga njia ya kwenda hospitali. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wa kuendesha gari juu ya theluji, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa Ski-Doo, mashine nyepesi ya mtu mmoja au wawili. Upande wa Marekani, Polaris ilizaliwa Roseau na Arctic Cat ikazaliwa Thief River Falls, miji midogo ya jimbo la Minnesota ambako majira ya baridi hayana mzaha. Ndugu zetu waliohamia Minnesota, Maine au Kanada wanazijua kwa mlio wake usiku.

Sasa turudi kwenye injini. Kazi ya injini ya petroli ni kubana hewa. Pistoni inapanda, hewa yenye petroli inasongwa kwenye upenyo mdogo uliobaki juu yake, plagi inatoa cheche, mlipuko unaisukuma pistoni chini. Hewa hukubali kusongwa, kimiminika hakikubali. Chukua silinda ya cc 400, yaani nusu ya injini ya cc 800 yenye silinda mbili, na tuseme inabana kwa kiwango cha 10 kwa 1. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama cc 44. Hivyo ni vijiko vitatu vya chakula. Petroli, oili au maji ya theluji yakikusanyika humo vijiko vitatu, pistoni haina pa kwenda.

Ukiizungusha kwa mkono polepole, kamba itagoma tu, na kugoma huko ni onyo la bure. Balaa liko pale stata ya umeme inapolazimisha, au pale silinda ya pili, iliyo kavu, inapowaka na kuisukuma krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa nguvu zake zote huku mwenzake amejaa. Hapo kinachokubali kushindwa ni konrodi. Dereva aliyepita kwenye mafuriko Dar es Salaam, kesho yake fundi akamwambia "injini imekunywa maji", ameonja kitu hicho hicho.

Pikipiki nyingi za theluji zina injini ya mipigo miwili, tu-stroki, na hapo pana mtego wa ziada. Kwenye tu-stroki nyingi, petroli haiendi moja kwa moja juu ya pistoni. Inapita kwanza chini, kwenye nyumba ya krenki, ndipo inasukumwa juu kupitia matundu ya pembeni ya silinda. Kwa hiyo kimiminika kina ghorofa mbili za kujificha. Unaweza kuchungulia juu ukaona pakavu, kumbe chini pamejaa, na mizunguko michache ya kwanza ikakipandisha chote. Mashine ya kabureta ndiyo inayonywa zaidi, kwa sababu boya linalofunga petroli hufanya kazi likiwa wima tu. Ukiligeuza miguu juu, petroli inajiendea inakotaka. Zenye injekta zina nafuu, kwani injini ikizima pampu nayo inasimama, lakini injekta haizuii theluji wala oili.

Mafundi wa mashine za boti huku kwetu, pwani na ziwani, hawahitaji kufundishwa haya. Mashine ikizama, wakishaiopoa hufungua plagi, huiinamisha, huzungusha gurudumu la juu kwa mkono mpaka maji yaache kutoka. Tofauti ni kwamba wao wana joto, na mwenye pikipiki ya theluji vidole vyake vimekufa ganzi.

Kabla ya spana kuna maswali mawili. La kwanza: ilipokuwa miguu juu, ilizima au iliendelea kunguruma? Mashine ina kitufe cha kuzima na, nyingi zake, kamba ya usalama inayofungwa kwenye koti. Ukidondoka inachomoka, injini inakata. Kama kamba haikufungwa na kidole kilikuwa kimebana mafuta, mkanda ulizunguka hewani bila mzigo na injini ikapiga mizunguko isiyo ya kawaida, pengine huku bomba la oili likinyonya hewa. Hiyo ni ajali nyingine kabisa, na wasiwasi wake ni mkubwa zaidi.

La pili, je, kuna kilichovuja, linajibiwa na theluji yenyewe. Tazama shimo mashine ilipolalia. Ni shuka jeupe, halifichi kitu. Doa lenye harufu ya petroli si ajabu, kwa kuwa mifuniko ya tangi na mirija ya kabureta huvuja ikigeuzwa. Oili ya tu-stroki mara nyingi hutiwa rangi, buluu au kijani, kwa hiyo haijifichi. Lakini ukiona maji ya kijani, ya machungwa au ya waridi yametapakaa, hiyo ni kulanti, maji ya kupoza injini, na safari imeishia hapo. Mashine nyingi za aina hii hazitegemei rejeta ya mbele kama gari. Kulanti hupita kwenye bamba za alumini chini ya kiti, zinazopozwa na theluji inayorushwa na mkanda. Jiwe moja lililojificha linaweza kupasua bamba hizo bila wewe kuona chochote juu. Na anayevuta sigara akae mbali: petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri.

Haya, plagi. Kitufe cha kuzima kibaki upande wa kuzima injini. Fungua kifuniko cha pembeni, chomoa kofia za waya, fungua plagi zote mbili, kisha zirudishe kwenye kofia zake uziegeshe kwenye chuma cha injini, mbali na matundu. Simama pembeni. Usichungulie. Vuta kamba polepole mpaka uhisi pistoni inapita, halafu vuta mara nne tano kwa haraka. Kama silinda ilikuwa imejaa, utaona: kwanza ukungu mwembamba, kisha mchirizi unaoruka mbali na kutoboa theluji vishimo vya buluu. Endelea mpaka matundu yateme hewa tupu. Nusa ulichokipata. Petroli inajulikana. Oili ni nzito na inateleza. Kulanti ina harufu tamu, na mtu asije akajaribu kuonja kuhakikisha. Kwa kawaida ndani yake mna ethilini glaikoli, ambayo ni sumu.

Plagi zenyewe zisome kabla hujazifuta. Iliyolowa petroli unaikausha tu. Yenye matone ya maji inakuelekeza kwenye kisanduku cha hewa, ambako huenda theluji imeshindiliwa kama pamba kwenye godoro. Itoe yote, la sivyo utakausha silinda kisha uilishe maji upya. Ukikuta kwenye kauri ya plagi chembe ndogo zinazometa, hizo ni alumini, nazo zimetoka kwenye pistoni. Ncha ikiwa imebanwa bapa, kuna kitu kimeigonga kutoka ndani. Kwa hayo mawili ya mwisho, tafuta mtu wa kukuvuta.

Za mipigo minne ni habari nyingine. Hizi zina oili yake maalumu ya kuzunguka ndani, haiungui pamoja na petroli. Mashine ikilala kichwani, oili hupitia mrija wa kupumulia ikaingia kwenye kisanduku cha hewa, au hupenya polepole kwenye ringi zinazoizunguka pistoni mpaka juu yake. Hesabu yake ni rahisi: kama imepungua kwenye tangi lake na haionekani kwenye theluji, basi iko njiani kuelekea silinda. Fungua kisanduku cha hewa, kikaushe. Ila kijiti cha kupimia kisikudanganye hapo mlimani, maana nyingi za mashine hizi hupimwa oili baada ya injini kupata moto kwanza.

Kuna kosa moja linaloua tu-stroki taratibu, na mimi naliona ndilo baya kuliko yote kwa sababu halina kelele. Tu-stroki za kisasa hazichanganyiwi oili kwenye petroli. Zina tangi la pembeni na pampu inayotia oili kidogo kidogo. Mashine ikipinduka, mdomo wa mrija unaachwa hewani na povu linaingia. Ukiiweka wima inawaka vizuri, inakwenda vizuri, na kwa muda ambao povu linapita kwenye pampu pistoni inasugua silinda ikiwa kavu. Baadaye, ukiwa umeshasahau, inajamu. Angalia mrija wa oili, mara nyingi unapitisha mwanga: viputo vinaonekana kwa macho. Pampu ina skrubu ya kutolea hewa. Mafundi wengi, baada ya kutoa hewa, huongeza oili kidogo kwenye petroli ya safari ya kwanza, ili injini isibaki mikononi mwa pampu peke yake.

Kabla ya kuwasha, bana mkono wa mafuta uachie, mara tano, sita. Lazima urudi wenyewe kwa mlio wa "tak". Theluji hugandia kwenye kebo na ndani ya kabureta, na usukani uliopinda huivuta kebo bila wewe kujua. Klachi ya mashine hizi hushika yenyewe mizunguko inapopanda. Kama mafuta yamekwama yakiwa wazi, itawaka na kuondoka bila mtu.

Ukiwasha, moshi mzito wa buluu dakika za mwanzo ni kawaida. Ni oili iliyomwagika inaungua. Utapungua. Moshi mweupe usioisha, wenye ile harufu tamu, ni kulanti inayoingia kwenye silinda. Zima. Na angalia joto: hewa iliyonaswa kwenye njia za kulanti inaweza kulipandisha hata kama hakuna kilichopasuka.

Ukifika nyumbani, pima mkandamizo, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa. Plagi zote nje, mkono wa mafuta umebanwa mpaka mwisho, vuta kamba hadi sindano ya geji igome kupanda. Usihangaike sana na namba yenyewe, kwani hubadilika kwa modeli na hata kwa mwinuko. Mlimani kipimo hushuka. Linganisha silinda kwa silinda. Tofauti ikizidi asilimia 10 hivi, pana jambo. Na kama ile silinda iliyokuwa imejaa ndiyo iliyo chini, fikiria konrodi kabla ya ringi. Konrodi iliyopinda imekuwa fupi, kwa hiyo pistoni haifiki ilikokuwa ikifika. Kipimo chake cha haraka ni kijiti cha mti ndani ya tundu la plagi: kipandishe na pistoni mpaka juu kabisa, weka alama, fanya hivyo upande wa pili. Alama mbili zikipishana kwa milimita hata moja, injini inafunguliwa.

Limebaki moja ambalo halimo ndani ya injini. Injini nzima imekalia raba, na pigo la pembeni huweza kuisogeza. Kati yake na klachi ya nyuma kuna mkanda wa kuendeshea, unaotaka umbali na mnyooko kamili. Nenda mwendo wa pole dakika kumi, zima, fungua kifuniko, weka kiganja juu ya mkanda. Joto la kuvumilika halina neno. Ukilazimika kuutoa mkono haraka na kukuta vumbi jeusi la mpira limepaka ndani ya kifuniko, injini imehama mahali pake, hata kama inanguruma vizuri kuliko jana.