Je, wajua kwa nini wanaounda treni za mezani hawaishi kuzifuata treni za kweli?

Ukimkuta mtu mzima amechuchumaa kando ya behewa kuukuu, anapima upana wa mlango kwa futikamba na kuandika kwenye daftari, usidhani ni mnunuzi wa chuma chakavu. Huenda nyumbani ana meza, juu yake reli nyembamba kama njiti, na anataka behewa lake la bati lifanane na hilo mpaka kwenye bawaba.

Watu hawa wako wengi Ulaya, Marekani na Japani. Huku kwetu Mtwara tu wachache, lakini ugonjwa ni uleule: ukishaanza kuunda treni ndogo, ile kubwa haikupi usingizi. Sababu yake imo ndani ya kazi yenyewe.

Kipimo kinachotumika zaidi ni 1 kwa 87, yaani kila kitu kinagawanywa kwa 87. Reli ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435, inakuwa milimita 16.5. Reli ya Kati, iendayo Kigoma, ina upana wa mita moja kamili, na TAZARA, iendayo Kapiri Mposhi nchini Zambia, milimita 1,067. Hizi mbili zinakutana Kidatu, lakini behewa la upande mmoja haliendi upande wa pili hivihivi, kwa sababu magurudumu hayaingiani na reli. Sasa zigawanye kwa 87: unapata milimita 11.5 na 12.3. Tofauti imebaki chini ya milimita moja, kwa hiyo waundaji huzipa zote mbili reli ya milimita 12. Mezani kwangu treni ya Kigoma na ya Kapiri Mposhi zinapita njia moja. Jambo hilo hunifurahisha kila mara.

Ila si kila kitu kinakubali kupunguzwa kirahisi hivyo. Uzito, kwa mfano, haugawanywi kwa 87 mara moja, unagawanywa mara tatu: kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Kichwa cha treni cha tani 100 kinabaki na gramu 150 hivi, uzito wa chungwa dogo. Kikiwa chepesi hivyo, magurudumu yanateleza na mabehewa hayavutiki vizuri. Dawa yake ni kukiongezea uzito tumboni; mimi natumia risasi zilezile ambazo wavuvi wa Shangani wanafunga kwenye nyavu. Kona nazo ni mtihani. Kona ya kweli yenye nusu kipenyo cha mita 300 ingehitaji karibu mita tatu na nusu kwenye kipimo hiki, na chumba cha kulala hakina nafasi hiyo. Hapo lazima udanganye. Na huwezi kudanganya vizuri kitu usichokijua, ndiyo maana mtu anarudi stesheni kutazama tena: behewa linainamaje kwenye kona, moshi umeacha masizi wapi, kutu inaanzia kwenye msumari gani.

Wengine hawakuishia kutazama. Mwaka 1951 wapenda reli wa Uingereza walijitolea kuiendesha Talyllyn, reli nyembamba ya Wales iliyokuwa karibu kufa, na ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea. Inaendeshwa hadi leo.

Mwaka huohuo, mwezi Januari, serikali ya Uingereza iliutupa mkono mradi wake mkubwa wa karanga hapa Tanganyika. Mradi huo ndio uliotuletea reli ya kusini: ilianzia Mkwaya karibu na Lindi kwenda Nachingwea, kisha, kwenye njia panda ya Ruo, ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, na baadaye ikafika Masasi. Karanga hazikutoka kama ilivyotarajiwa, mzigo wa kuilisha reli ukapungua, na mapema miaka ya 1960 njia ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Kwetu hakukubaki cha kujitolea kukiendesha.

Kwa hiyo mimi futikamba yangu naipeleka kwa wazee. Yupo mmoja jirani yangu aliyeipanda treni hiyo akiwa mtoto. Nilimwamkia, nikamwonyesha behewa langu la kwanza la mizigo, nililolikata kutoka kopo la samaki. Akaligeuza mkononi, akasema, "Mlango huu umeuweka juu mno, mwanangu. Sisi tulikuwa tunapanda kwa goti." Nikaushusha milimita mbili, ambazo kwa treni ya kweli ni sentimita 17.

Niliporudi nalo, mkewe alikuwa ameweka bakuli la karanga mkekani. Gunia lililojaa lina kimo cha sentimita 90 hivi. Gawanya kwa 87, unapata sentimita moja, sawa na punje ya karanga. Sikuwa nimemweleza mama huyo hesabu hiyo. Yeye mwenyewe alichukua punje mojamoja, akazisimamisha ndani ya behewa, bega kwa bega, mpaka likajaa. Kisha akalisukuma taratibu kwa kidole juu ya mkeka, na kwenye mshono wa ukili akalisimamisha.

"Hapa Ruo," akasema. "Tunasubiri ile ya Lindi ipite."