Pemba, mafuta na damu: maswali kutoka Mwanza

Pale Soko la Mlango Mmoja nimeambiwa pemba, ule udongo wa kula, inakata mafuta tumboni. Ni kweli?

Habari hiyo ina chanzo, ila chanzo chenyewe ni panya. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Australia Kusini waliwalisha panya chakula chenye mafuta mengi kwa wiki mbili. Waliopewa pia udongo wa mfinyanzi wa aina ya smektaiti waliongezeka uzito kwa kiasi pungufu kuliko wenzao, hata kuliko waliopewa orlistat, ambayo ni dawa ya kupunguza unene. Udongo ulinyonya matone ya mafuta ndani ya utumbo, yakatoka na choo kabla ya kuingia mwilini.

Lakini panya wale hawakukonda, walichelewa tu kunenepa. Na udongo wao uliandaliwa maabara ukawa chembechembe maalumu. Kile kipande cha kijivu cha sokoni, kinachoacha vumbi laini vidoleni, hakuna aliyekipima hivyo.

Mbona wanyama wengine wanakula udongo na hawadhuriki?

Kila mmoja ana shida yake. Ng'ombe wa wafugaji wetu hulamba udongo wakitafuta chumvi na madini. Kuku huwekewa udongo wa bentonaiti kwenye chakula ili ushike sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi, isipenye utumbo. Panya naye hawezi kutapika. Akila kitu kibaya hutafuta udongo. Hakuna hapo anayetafuta kiuno chembamba.

Nina mimba ya miezi mitano na bila pemba silali. Inanidhuru?

Dada yangu, hapa ndipo penye kazi. Udongo hauchagui: unaoweza kushika mafuta au sumu unaweza kushika pia madini ya chuma unayoyapata kwenye dagaa, maini na vidonge vya damu unavyopewa kliniki. Tena upungufu wa damu na hamu ya udongo huenda pamoja, kwa hiyo unaweza kujikuta unatafuna kile kinachokuzidishia hamu. Dalili ni kuchoka, kizunguzungu, moyo kwenda mbio ukipanda kamlima kadogo tu, na Mwanza vilima havikosekani. Choo kigumu nacho kinakuja, na ukila udongo mwingi sana utumbo unaweza kuziba kabisa.

Nikiichoma kwanza je?

Moto mkali unaua mayai ya minyoo. Risasi na aseniki, madini yenye sumu, haviondoki kwa moto, na kwa kuangalia tu huwezi kujua kipande kipi kinavyo. Vyote viwili ni hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Kuacha ghafla siwezi. Nifanyeje?

Mwambie nesi wa kliniki bila aibu, wanawake wengi wanakula. Aombe upimwe wingi wa damu na minyoo. Wakati unapunguza, usimeze kidonge cha damu pamoja na pemba. Viachanishe kwa saa kadhaa, mfano kidonge usiku unapolala, na kisindikize kwa maji. Chai ya rangi nayo inazuia chuma.