Kuona viwili viwili baada ya upasuaji wa tundu la jicho

Mtu akivunjika mfupa wa tundu la jicho, iwe kwa ajali ya bodaboda, kwa ngumi au kwa mpira, mara nyingi huanza kuona vitu viwili viwili. Akifanyiwa upasuaji hutarajia kuamka mzima. Akikuta bado kuna vikombe viwili mezani, huingiwa na hofu kwamba upasuaji umeshindikana. Mara nyingi sivyo.

Sakafu ya tundu la jicho ni mfupa mwembamba mno, na chini yake kuna uwazi wa ndani ya shavu. Pigo likiingia, mfupa huo hupasuka, na mafuta yanayolizunguka jicho, pengine pamoja na msuli unaolishusha chini, hunaswa kwenye ufa. Jicho hilo halipandi tena sawasawa na mwenzake, na ubongo hupokea picha mbili zisizolingana. Ndiyo maana ukifunika jicho moja, kitu cha pili unachokiona hutoweka. Kisipotoweka, huenda kasoro iko ndani ya jicho lenyewe, mwambie daktari.

Daktari hunasua kilichonaswa, kisha huziba ufa kwa wavu wa titani, kibamba maalumu cha plastiki au kipande cha mfupa. Msuli, hata hivyo, unabaki umechubuka na kuvimba, na wakati mwingine mshipa wake wa fahamu umeumia pia. Majeraha hayo hayana dawa ya haraka. Siku za mwanzo hali inaweza hata kuzidi, kisha uvimbe hupungua kwa wiki kadhaa na nguvu hurudi kwa miezi. Wengine hushtuka kuona tatizo limehama: mwanzo lilijitokeza wakitazama juu, sasa linajitokeza wakitazama chini, kwa kuwa msuli uliokuwa umenaswa sasa umelegea. Hapo kushuka ngazi na kusoma kunakuwa kazi nzito. Shika ukuta au mkono wa mtu, funika jicho moja unaposoma, na usiendeshe chombo chochote mpaka daktari akuruhusu. Usipenge kamasi kwa nguvu, maana hewa inaweza kupenya hadi kwenye tundu la jicho.

Uwezo wa kuona ukififia ghafla, maumivu yakizidi au jicho likijitokeza nje, rudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Damu inayojikusanya nyuma ya jicho inaweza kupofusha.

Wengi hupona bila matibabu zaidi. Anayebaki na tatizo anaweza kupewa miwani ya prizimu, ambayo hupindisha mwanga ili picha mbili zikutane. Kurekebisha misuli kwa upasuaji mwingine kwa kawaida husubiri takriban miezi 6, vipimo vikishaacha kubadilika, kwa sababu msuli ambao bado unapona ukikatwa mapema, jicho linaweza kupinda upande wa pili.