Tindikali ya mvua, tindikali ya udongo: shamba lako linaugua lipi?

Mvua zikikolea na majani ya mahindi yakaanza kugeuka zambarau pembezoni, wakulima wa Mbozi, Rungwe na Njombe hutuuliza sisi wa maabara ya udongo swali lile lile: je, ni mvua ya tindikali? Wameisikia redioni, na jina lenyewe linatisha. Tindikali ipo kweli, ila kwa sehemu kubwa haikuja na mvua ya mwaka huu. Imo ardhini.

Mvua yoyote safi, hata inayonyesha kwenye milima ya Kitulo, ina tindikali kidogo, kwa sababu matone huyeyusha kaboni dayoksaidi iliyo hewani. pH yake, yaani kipimo cha ukali wa tindikali, ni kama 5.6. Katika kipimo hicho 7 ni katikati, na kila ukishuka namba moja ukali huzidi mara 10. Tunaiita mvua ya tindikali pale moshi wa makaa ya mawe, wa magari na wa tanuri za madini unapojaza hewa gesi za salfa na nitrojeni, ambazo zikikutana na unyevu huwa asidi ya salfuriki na ya nitriki. Majirani zetu wa Mufulira, kwenye ukanda wa shaba wa Zambia, wanaujua moshi huo kwa macho na kwa kifua. Huku kwetu hakuna tanuri za namna ile.

Ila yaliyotokea kwingine yanatufundisha. Asidi inaweza kuunguza jani, hasa milimani ambako ukungu huwa mkali kuliko mvua, lakini balaa lenyewe liko chini. Asidi huing'oa kalsiamu na magneziamu kwenye chembe za udongo, maji yakazisomba hadi mtoni. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyokuwa imetulia huanza kuyeyuka, na hiyo ni sumu: ncha za mizizi hudumaa, zikawa fupi na nene, mmea ukashindwa kufikia maji. Hapo hapo aluminiamu na chuma huikamata fosforasi, na DAP, mbolea ya fosforasi uliyoinunua kwa bei kali, inalala tu ardhini. Ile zambarau ya mahindi mara nyingi ni njaa ya fosforasi, ingawa baridi ya Makete nayo huweza kuileta.

Udongo ulioharibika haujirudii haraka. Marekani ilipunguza moshi kwa sheria za 1970 na 1990, lakini mwaka 1999, katika msitu wa utafiti wa Hubbard Brook, watafiti bado walilazimika kumwaga kwa helikopta madini yenye kalsiamu juu ya bonde la hekta karibu 12. Miti iliyokuwa imedhoofika ikaanza kupata nguvu.

Kwetu chanzo ni kingine. Sehemu nyingi za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Maji mengi hivyo, kwa maelfu ya miaka, huosha kalsiamu hata yakiwa safi. Nasi tumeongeza yetu: tunavuna na kuondoa hadi mabua, kisha tunaweka mbolea za amonia, ambazo vijidudu vya udongo vikizigeuza naitreti hutoa tindikali. SA (salfeti ya amonia) ndiyo kali zaidi. Yurea na DAP zinachangia. CAN, ambayo ndani yake ina chokaa, ina nafuu. Sisemi mtu aache mbolea. Lakini SA miaka nenda rudi bila chokaa ni kulichosha shamba kwa fedha yako mwenyewe.

Si kila zao linaumia. Chai ya Mufindi na Tukuyu hustawi kwenye pH ya 4.5 hadi 5.5, iache. Viazi mviringo huvumilia, na chokaa ikizidi hupata ukurutu kwenye ganda. Mnyonge ni maharage. Ng'oa mche unaochanua: ukikosa vinundu kwenye mizizi, au ukivipasua ukavikuta vyeupe ndani badala ya vyekundu, shuku tindikali.

Dawa ni chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, si ile iliyochomwa ya kupaka ukutani. Songwe kuna mawe hayo, hivyo mkulima wa Mbeya hana safari ndefu. Mara nyingi huhitajika tani 1 hadi 3 kwa hekta. Ichanganye na udongo mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda. Usiiweke pamoja na SA au yurea, nitrojeni itapotelea hewani. Majivu ya jikoni yanafaa kwa tuta la mboga, kwa ekari hayatoshi.

Kabla ya kununua, pima. Chota udongo wa kina cha sentimita 20 sehemu 10 hadi 15 za shamba, ukikwepa vichuguu na palipochomwa moto, changanya kwenye ndoo safi, kisha peleka nusu kilo maabara ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Uyole, Mbeya. Omba wakupimie na magneziamu. Ikiwa chache, tafuta chokaa ya dolomaiti, yenye magneziamu ndani yake, maana ile ya kawaida itakuongezea kalsiamu peke yake.