Dojo, roba na panga: sanaa za mapigano za jadi na kujilinda kwa leo

Wazazi wanaoleta watoto wao dojo, yaani ukumbi wa mazoezi ya karate, na watu wazima wanaojiandikisha baada ya kukabwa njiani, huniuliza swali lilelile: je, karate itanisaidia siku nikivamiwa? Ninafundisha Goju-ryu, mmoja wa mitindo ya karate, na sambamba na hilo ninaendesha mafunzo ya kujilinda kwa watu wasio na haja ya mkanda wa rangi yoyote, kwa hiyo swali hili ninaishi nalo. Jina la mtindo halisemi mengi. Kinachoamua ni kama mwanafunzi amewahi kujaribu mbinu zake kwa mtu anayezikataa kwa nguvu zake zote, na kama amefundishwa yale yanayotangulia ngumi ya kwanza.

Ubishi kati ya wanaotetea jadi na wanaotaka mbinu za vitendo huharibika tangu mwanzo kwa sababu watu wengi wana picha isiyo sahihi ya hiyo jadi. Darasa la karate tunalolijua, ambamo wanafunzi wamejipanga mistari, mwalimu anahesabu kwa Kijapani na wote wanapiga hewa kwa pamoja, si urithi wa karne nyingi. Lilitokana na shule za Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani ilikozaliwa karate, mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo mwalimu alikuwa na wanafunzi wachache, akiwafundisha faragha, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kushikana, kusukumana na kugusana. Itosu Anko ndiye aliyeiingiza karate katika shule ya msingi ya Shuri mwaka 1901, na kwa ajili ya watoto akatunga kata tano fupi ziitwazo Pinan; kata ni mfululizo wa miondoko iliyopangwa ambao mtu huufanya peke yake au na mwenzake. Katika waraka wake wa mwaka 1908 kwa wakuu wa elimu, wenye mambo kumi, alieleza kwamba karate haikukusudiwa mashindano na mpinzani mmoja, bali ni njia ya kuepuka kuumia pale mtu anapokutana na mhuni. Yaani mzee huyu, anayetajwa leo kama nguzo ya jadi, aliandika juu ya kujilinda kwa maana tunayoitumia sisi.

Lakini darasa lenye watoto wengi na mwalimu mmoja lina sheria zake. Huwezi kuwaacha wakabane koo, kwa hiyo unawapa mwendo wa pamoja, nidhamu na afya. Funakoshi Gichin, mwalimu kutoka Okinawa, alipoipeleka karate Tokyo mwaka 1922, ikashika mizizi katika vyuo vikuu, mfumo huo wa mistari ulizidi kukomaa. Hata Miyagi Chojun, mwanzilishi wa mtindo wangu, alitunga kata za Gekisai karibu na mwaka 1940 ili karate iwafikie watu wengi zaidi. Siwalaumu, kwa sababu bila wao mimi nisingekuwa na cha kufundisha. Ila katika safari hiyo kata zilihifadhiwa vizuri, na mazoezi ya watu wawili yaliyozipa maana yakapungua, hadi mwanafunzi akaweza kufika mkanda mweusi bila kuwahi kushikwa na mtu aliyekusudia kweli kumshika.

Mtu aliyeliona tatizo la namna hii mapema ni Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo. Alianzisha Kodokan, shule yake ya judo, mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka 22 hivi aliyesomea jujutsu, sanaa ya kale ya Kijapani ya kupigana kwa kushikana, katika shule mbili za zamani. Uamuzi wake ulikuwa wa ajabu: mapigo na mbinu za kuvunja viungo ambazo haziwezi kufanyiwa mazoezi bila kumuumiza mwenzako aliziweka kwenye kata, na katika randori, yaani mazoezi ya kushindana kwa uhuru, akabakiza yale ambayo watu wawili wanaweza kufanyiana kwa nguvu zote siku baada ya siku. Kwa juu juu utaona amepunguza makali ya sanaa. Matokeo yalikuwa kinyume, kwa kuwa mwanafunzi wa Kano alizoea kukutana na upinzani wa kweli, kupoteza mhimili, kuanguka na kuinuka. Mbinu kali ambayo hujawahi kuifanya kwa mtu anayekataa ina uhakika mdogo kuliko mbinu ya kawaida uliyoifanya mara elfu kwa watu wakaidi.

Mnyororo huo ndio uliofika Brazil kupitia Maeda Mitsuyo, mwanafunzi wa Kodokan, ukapokelewa na familia ya Gracie ya huko, na mnamo Novemba 1993 huko Denver, Marekani, Royce Gracie akawashinda wapinzani watatu kwa usiku mmoja katika shindano la kwanza la UFC, mapambano yanayokutanisha wapiganaji wa mitindo mbalimbali. Wengi walitoa hitimisho kwamba jadi imekufa. Mimi naliona tukio lile kuwa ushindi wa randori, nalo ni jambo la jadi. Tena ulingo wenyewe si barabara: mpinzani ni mmoja, unamjua, hana bisibisi mfukoni, mwamuzi yupo, na sakafu ni laini. Kumlalia mtu chini ni ushindi ulingoni, lakini Manzese, mtaani Dar es Salaam, saa nne usiku ni kumkaribisha mwenzake akupige teke la kichwa.

Nichukue roba, yaani kukabwa shingo kwa mkono kutoka nyuma, kwa kuwa wasomaji wengi wa mijini wanaijua na baadhi wamepigwa. Katika maonyesho ya kujilinda, ya jadi na ya kisasa pia, mkabaji huja nyuma, huweka mkono shingoni taratibu, kisha husimama akisubiri mwenzake ampige kiwiko, amkanyage mguu na kumtupa mbele huku watu wakishangilia. Roba yenyewe haiko hivyo. Mkono unapita chini ya kidevu na papo hapo unavutwa nyuma na chini, visigino vinaburuzwa, mgongo unapinda, na mara nyingi mtu wa pili tayari yuko kwenye mifuko yako. Mshipa wa shingo ukibanwa sawasawa, fahamu zinaweza kupotea ndani ya sekunde kumi hivi. Aliyepinda nyuma kiasi hicho hana nguvu ya kiwiko. Kazi ya kwanza ni mikono miwili kuung'ang'ania ule mkono na kuuvuta chini kuelekea kifuani kwa uzito wa mwili mzima, kidevu kikizama kwenye kunjo la kiwiko cha mkabaji; kazi ya pili ni kushusha nyonga ili miguu ipate ardhi; ndipo mwili ugeukie kule kwenye kiwiko chake. Mapigo huja baadaye, kama bado yanahitajika. Darasani tunaanza polepole, kisha mwanafunzi anafumba macho na mwenzake anapewa ruhusa ya kumburuza kweli. Hapo ndipo wenye mikanda ya ngazi za juu hugundua walichonacho na wasichonacho.

Goju-ryu ina dawa ya tatizo hili ndani yake. Kakie ni zoezi la watu wawili waliogusanisha vifundo vya mikono, kila mmoja akisukuma, akivuta na kutafuta mwanya, bila mpangilio uliokubaliwa. Dojo nyingi hulifanya kwa dakika chache mwishoni au huliacha kabisa. Ningependa lipewe muda uleule unaopewa kata.

Kozi nyingi za kisasa zinazojiita za vitendo hazijapona ugonjwa huu. Nimeona walimu wenye suruali za kijeshi wakifundisha kumnyang'anya mtu panga kwa hatua tano mfululizo, mshika panga akiwa ameganda kama sanamu baada ya pigo la kwanza. Mwenye panga hapigi mara moja. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, alionyesha kwamba mtu mwenye kisu anaweza kuvuka umbali wa mita 6.4 hivi kwa takriban sekunde moja na nusu, muda unaomtosha kwa shida askari aliyezoea kuchomoa bastola. Fikiria raia mikono mitupu. Ninachofundisha juu ya panga ni kutoa simu na pochi, kuvirusha upande mmoja na kukimbilia upande mwingine. Mikono hutumika tu pale ambapo njia ya kutoka haipo. Mwanafunzi asiyeridhika na jibu hilo ninamwelewa, ila silibadilishi.

Kuhusu umbali, pwani yetu ina somo lake. Katika kirumbizi, mchezo wa fimbo wa Waswahili, watu wawili huingia uwanjani na bakora huku ngoma na zumari zikilia, na anayejua hucheza na nafasi: anakaa pale ambapo fimbo ya mwenzake haimfikii, anaingia, anatoka. Ni mchezo, na haudai kuwa zaidi ya hapo, lakini jicho linalozoea kupima nafasi kati ya watu wawili ni mali ambayo kozi ya wikendi haiwezi kuitoa.

Sehemu ninayoona imepuuzwa kuliko zote ni ile ya kabla ya mkono kuinuka, na hasa kwa wanawake, ambao mara nyingi hushambuliwa na mtu wanayemfahamu, ndani ya chumba, bila panga wala roba. Hapa tuna ushahidi mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wanafunzi wa kike 893 wa vyuo vikuu vitatu vya Kanada, ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja asilimia 5.2 ya waliopata mafunzo ya saa 12 walibakwa, dhidi ya asilimia 9.8 ya wale ambao hawakuyapata. Mapigo yalikuwa sehemu ndogo ya saa hizo; kubwa ilikuwa kutambua dalili za hatari kwa mtu unayemjua, kuvuka aibu ya kumkatalia, na kusema hapana kwa sauti isiyoacha shaka. Nairobi nako, katika mafunzo ya namna hii kwa wasichana wa makazi duni, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, zaidi ya nusu ya waliofunzwa waliripoti kuzuia jaribio la kubakwa kwa walichojifunza. Binti aliyelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa anahitaji kuzoezwa kupaza sauti kama anavyozoezwa teke, kwa kurudia, mbele ya mtu anayemkaripia usoni. Kwangu zoezi hilo huwatoa wengi machozi, nasi huendelea nalo kwa upole mpaka sauti itoke.

Kisha kuna sheria, ambayo dojo nyingi hazigusi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inatambua katika kifungu cha 18 na vinavyofuata haki ya mtu kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali. Kifungu cha 18B kinamruhusu kutumia nguvu ya kiasi inayohitajika kwa ulinzi huo tu, na kinamwajibisha kwa kosa lolote linalotokana na nguvu iliyopita kiasi. Kwa mtu aliyezoezwa kwa miaka mingi jambo hili lina uzito wa pekee, maana kibaka aliyeachia simu na kuanguka si tishio tena, na teke linalofuata linaweza kumpeleka mjilinzi mahakamani. Ndiyo maana zoezi la roba darasani kwangu halimaliziki mkono unapoachia: mwanafunzi hurudi nyuma hatua kadhaa, huangalia kama kuna mtu wa pili, hupaza sauti na kutoka mlangoni. Anayebaki kupiga, hata kama amepiga vizuri, hulirudia zoezi lote tangu mwanzo.