“Nimezaliwa Nalo, Mwili Umelizoea”: Dhana Potofu za Watu Wazima Wenye Tundu la Moyo

“Dokta, hili tundu si nimezaliwa nalo? Kama lingekuwa la kuniua, lingeniua utotoni.”

Maneno hayo nimeyasikia kwa walimu, kwa mafundi ujenzi, kwa akina mama wa sokoni, na nimechoka kuyasikia. Wanakuja Dar es Salaam kwa rufaa kutoka Kigoma, Tabora, Mbeya, na ukiwauliza vizuri utakuta waliambiwa miaka mingi nyuma kwamba wana tundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Wakaamua kusubiri. Wakizidiwa ndipo watafunga safari. Katika dhana zote potofu ninazokutana nazo kliniki, hii ndiyo inayoninyima usingizi, maana inawakosesha watu tiba ambayo siku walipoambiwa habari ile ilikuwapo na ilikuwa inawezekana.

Tundu la vyumba vya juu ni kimya. Damu iliyokwisha kuchukua oksijeni inavuja kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi mapafuni tena, safari ya bure, na upande wa kulia wa moyo unabeba mzigo huo kila pigo. Mtoto anacheza, anasoma, anakua, anaoa au kuolewa, na hakuna anayeshtuka. Akifika miaka 35 au 40, presha ya kawaida inaanza kupanda na upande wa kushoto wa moyo unaanza kukakamaa kwa umri. Sasa damu inaona ni rahisi zaidi kupita tunduni kuliko kuingia chumba cha chini kilichokaza. Tundu ni lilelile, lakini kinachovuja kimeongezeka. Mtu aliyekuwa akipanda kilima na ndoo kichwani sasa anapumzika katikati ya ngazi za ghorofa moja. Moyo unadunda ovyo usiku, miguu inavimba jioni. Yeye anahesabu kwamba ameanza kuugua mwaka huu. Mimi nikimweka kwenye eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, naona chumba cha kulia kimetanuka na ukuta wa katikati umebonyezwa upande wa kushoto, na hali hiyo haiji kwa mwaka mmoja.

Halafu kuna mapafu. Mishipa yake haikuumbwa kupokea damu nyingi kiasi hicho kwa miaka nenda rudi. Kuta zinanenepa, njia zinabana, presha ya mapafu inapanda. Ikipanda mpaka kuishinda ya upande wa kushoto, mkondo unageuka: damu isiyo na oksijeni inavuka tunduni na kwenda mwilini. Victor Eisenmenger, daktari wa Austria, alieleza hali hii mwaka 1897, na mgonjwa wake alikuwa mwanamume wa miaka 32, si mtoto. Kwa wenye tundu la vyumba vya chini hali hii huwahi sana, mara nyingi kabla hawajawa watu wazima. Kwa tundu la vyumba vya juu huchelewa, na wengi hawafiki huko. Ila wewe uliyekaa nyumbani bila vipimo hujui uko kundi gani.

Aliyefika huko namtambua kabla hajaketi. Midomo imeingia rangi ya zambarau, ncha za vidole zimevimba mviringo kama kijiti cha kupigia ngoma, na kile kibanio cha kidoleni kinasoma oksijeni 82 badala ya 95 na kuendelea. Mgonjwa huyu hatuzibi tundu lake. Kwa wakati huo tundu ndilo linaloupumzisha upande wa kulia. Ukilifunga, upande huo unabaki kusukuma dhidi ya mapafu yaliyobana na unashindwa. Hapo ndipo penye mazungumzo magumu kuliko yote katika kazi hii. Familia imeuza ng’ombe, imesafiri siku nzima na usiku, nami nawaambia hatutampasua. Wanatazamana. Wanadhani ni suala la fedha, au kwamba hawana mtu wa kuwasemea. Ndugu zangu, sivyo. Zipo dawa za kushusha presha ya mapafu, sildenafili ni mojawapo, na zinampa mtu nafuu ya kweli. Lakini ule mlango wa kuziba tundu na kurudi kwenye maisha ya kawaida ulikuwa wazi miaka ile alipokuwa “mzima”.

Kwa hiyo tunapoingiza mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja kupima presha ndani ya mapafu, msione tunapoteza muda wenu na hela zenu. Kipimo hicho ndicho kinachoamua. Ukinzani wa mishipa ya mapafu ukiwa chini ya vizio 3 vya Wood (kipimo cha jinsi mishipa inavyoizuia damu kupita), na upande wa kulia umetanuka, tunaziba hata kama mgonjwa anajisikia vizuri kabisa. Kati ya 3 na 5 tunakaa kikao na kupima faida na hasara. Kuanzia 5 kwenda juu tunaanza na dawa kwanza, tuone kama utashuka. Rudia kusoma hapo niliposema hata kama anajisikia vizuri. Huo ndio wakati wa kufunga safari.

Wale wanaosema tundu la moyo ni ugonjwa wa watoto nitawajibu kwa tarehe moja. Tarehe 6 Mei 1953, huko Philadelphia, John Gibbon alifanya upasuaji wa kwanza wa moyo uliofanikiwa kwa kutumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Alichoziba ni tundu la vyumba vya juu, na mgonjwa alikuwa msichana wa miaka 18.

“Lazima nipasuliwe kifua.” Si lazima. Matundu mengi yaliyo katikati ya ukuta yanazibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja, na mgonjwa anatoka wodini baada ya siku moja au mbili. Linalotakiwa ni tundu liwe na kingo za kutosha za kushikilia kifaa. Tundu lililo juu kabisa, pale mshipa mkubwa unapoingilia, au lililo chini karibu na valvu (milango ya damu ya moyo), hilo ni la kufungua kifua. Eko ya kawaida inaweza hata kulikosa lile la juu, ndiyo maana wakati mwingine tunaomba eko ya kupitia kooni. Kumeza ule mrija kunakera, nakubali. Umeze.

“Moyo ni India tu.” Hiyo ni habari ya zamani. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo pale Upanga, eneo la Muhimbili, tangu 2015, na kuziba matundu haya ni kazi yake ya kila siku. Nairobi na Kampala nako kunafanyika. Kesi ngumu bado zinapewa rufaa ya nje, lakini anayeamua ni jopo la madaktari baada ya vipimo. Usiuze kiwanja kwa sababu jirani alikwenda India mwaka 2009.

“Nilipasuliwa nikiwa mdogo, nilishamaliza.” Hii nayo inaniudhi. Wapo vijana waliopelekwa India au Israel utotoni wakatengenezewa kasoro ya kuzaliwa nayo iitwayo Fallot (tundu la vyumba vya chini pamoja na njia ya kwenda mapafuni iliyobana), wakarudi, wakasahau. Baada ya miaka 20 au 30 valvu ya kwenda mapafuni inakuwa imevuja kiasi cha kutanua upande wa kulia, na kuna wakati mwafaka wa kuibadilisha. Ukiwa na kovu kifuani unahitaji kliniki ya moyo maisha yako yote. Mama yako bado ana zile karatasi za hospitali kabatini. Mwombe, zipige picha kwa simu, zitoe nakala. Karatasi moja inayosema nini hasa kilifanywa inatuokolea vipimo vingi.

“Zaa kwanza, tundu baadaye.” Mwenye tundu la kawaida la vyumba vya juu, presha ya mapafu ikiwa sawa, kwa kawaida anabeba mimba salama. Mwenye mkondo uliogeuka asibebe kabisa. Hatari ya kufa ni kubwa mno. Huwezi kujua uko upande gani bila kupimwa, kwa hiyo vipimo vitangulie.

“Mgonjwa wa moyo hapandi ndege.” Wengi wanapanda bila shida. Hewa ndani ya ndege kubwa inalingana na ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari, na Njombe iko karibu mita 2,000. Mwenye midomo ya zambarau ndiye aulize kwanza. Mimi nahofia zaidi basi la saa 20, mtu amekaa miguu ikining’inia, hanywi maji eti asisumbue dereva. Damu ikiganda mguuni, kwa mwenye tundu bonge hilo linaweza kuvuka tunduni likaenda kwenye ubongo. Kunywa maji, shuka kila basi linaposimama, tembea.

“Damu imezidi, nipunguzwe.” Mwili wenye upungufu wa oksijeni unatengeneza damu nyingi makusudi. Kuitoa kila mara kunamaliza madini ya chuma na kuongeza hatari ya kiharusi. Mwambie anayetaka kukutoa azungumze nasi kwanza.

Sasa jambo ambalo nalisema kila siku na watu wanadhani natania: nenda kwa daktari wa meno kabla ya kupanda basi. Jino bovu linapeleka bakteria kwenye damu, na hakuna atakayekuwekea valvu au kukufungua moyo ukiwa na usaha kinywani. Nimeona watu wakikaa kwa shemeji Mbagala wiki nzima za ziada wakisubiri ufizi upone, wakati jino hilo lingeng’olewa wilayani kwao. Njoo na barua ya rufaa, kadi ya bima, dawa zako zote ndani ya maboksi yake, na ndugu wawili watatu walio tayari kuchangia damu. Usiyejiweza, pita kwa afisa ustawi wa jamii siku ya kwanza, usingoje siku ya kutoka. Kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiiache kwa uamuzi wako, na utuambie mizizi na majani unayokunywa nayo.

Na usikate tiketi ya kurudi kabla hujaonana nasi. Aliyefunguliwa kifua, mfupa wake unahitaji wiki 6 hadi 12 kuunga. Hakuna ndoo, hakuna jembe, hakuna kubeba mtoto mgongoni. Aliyewekewa kifaa anameza aspirini kwa miezi 6 au zaidi kadiri atakavyoelekezwa, na katika miezi hiyo 6 akienda kung’oa jino anatumia antibiotiki kabla. Eko za marudio si lazima zote zifanyike Dar. Wa kanda ya ziwa anaweza kupimwa hospitali ya Bugando Mwanza, wa kanda ya kati akapimwa hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, majibu tukayasoma huku.