GPS haili bando

"GPS yangu imekata, sina bando." Sentensi hii naisikia kwenye treni ya Tabora kwenda Kigoma, naisikia mwaloni Kibirizi, na zaidi naisikia darasani kwa watu wazima wanaojifunza Kiingereza cha safari na teknolojia. Nikiuliza GPS ni nini, jibu huwa moja kati ya mawili: ni intaneti ya ramani, au ni kitu cha kumfuatilia mtu. Yote mawili si kweli, na la pili ndilo linaloniudhi zaidi.

Maana yenyewe ni fupi. GPS ni mfumo wa setilaiti za Marekani zinazorusha mawimbi ya redio, na kifaa chochote chenye kipokezi kinaweza kuyatumia kujua kiko sehemu gani ya dunia. Setilaiti hizo ni kama 31, ziko juu yetu kwa kilomita 20,200 hivi, na kuzitumia ni bure. Warusi wana mfumo wao, GLONASS. Ulaya ina Galileo, China ina BeiDou. Simu nyingi za sasa husikiliza kadhaa kwa pamoja na watu wanaita yote GPS. Kwa hilo sigombani na mtu.

Ugomvi wangu uko kwenye herufi ya katikati. GPS ni Global Positioning System. Global ni ya dunia nzima, system ni mfumo, hapo tumeelewana. Positioning imetokana na position, neno ambalo Kiingereza kililipata kutoka Kilatini kwa kupitia Kifaransa, na mzizi wake ni kitenzi ponere, yaani kuweka. Position ni pale kitu kilipowekwa, pale kilipo. Kwa hiyo positioning, katika jina hili, ni kubaini mahali. Kufuatilia kuna neno lake, tracking, na track ni nyayo, alama anazoacha mtu au mnyama alikopita. Anayefuata nyayo anamtafuta mwingine. Anayebaini mahali alipo anajitafuta mwenyewe.

Historia ya mfumo huu inaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Oktoba 1957 Muungano wa Kisovieti ulirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani. Huko Maryland, Marekani, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wanafizikia wawili, William Guier na George Weiffenbach, wakaanza kuisikiliza redio yake. Mawimbi yalibanana setilaiti ilipokuwa inakuja na kutanuka ilipokuwa inakwenda, na kutokana na mabadiliko hayo wakakokotoa njia yake angani. Wao walijua walipo, wakaitafuta setilaiti. Huko ndiko kufuatilia hasa. Mwaka uliofuata mkuu wao, Frank McClure, akawarudishia swali kinyumenyume: kama tayari tunajua setilaiti iko wapi, je, anayeisikiliza chini huku anaweza kujua yeye yuko wapi? Jibu likawa ndiyo. Hapo ukapatikana mfumo wa Transit, ambao nyambizi za Marekani zilianza kuutumia miaka ya 1960. Kazi ya GPS ilianza 1973, setilaiti yake ya kwanza ikapaa 1978, na mfumo ukatangazwa kukamilika 1995. GPS imezaliwa siku ile kufuatilia kulipopinduliwa, halafu sisi tunairudisha kulekule ilikotoka!

Kutokana na hilo, simu yako haipeleki chochote kwenye setilaiti za GPS. Inasikiliza tu. Mtangazaji wa redio hajui nani amemfungulia Ujiji na nani amemfungulia Sikonge, na setilaiti nayo haina habari kama wewe upo.

Inasikiliza nini? Saa. Kwetu hili si geni, maana kila Ramadhani tunaliona. Tabora iko longitudo 32.8 mashariki, Kigoma 29.6. Dunia huchukua dakika 4 kuzunguka nyuzi moja, ndiyo maana jua huzama Tabora takriban dakika 13 kabla ya kuzama Kigoma, ingawa saa za ukutani zinasoma sawa. Mfungaji wa Tabora anaweza kuwa ameshashushia tende na uji wakati ndugu yake wa Ujiji bado anasubiri adhana. Tofauti ya muda ni tofauti ya mahali. Mabaharia walilijua hilo tangu zamani, ndiyo sababu walisafiri na saa za kuaminika.

GPS imelichukua jambo hilohilo na kulitia ukali. Kila setilaiti ina saa ya atomu, na inatangaza bila kupumzika: sasa ni saa fulani, nami niko mahali fulani. Simu inapima mawimbi yamechukua muda gani njiani, ambao haufiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha inazidisha kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, ikapata umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha, ila saa ya simu ni ya bei nafuu, na ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde umbali unapotea mita 300. Setilaiti ya nne ndiyo inayoisahihisha saa hiyo. Katika mahesabu yote hayo, bando halina kazi.

Sasa mbona bando likiisha ramani inakufa? Kaa dirishani kwenye treni, treni ikishaiacha Usinge kuelekea Nguruka, ufungue ramani mahali ambapo mtandao umepotea. Utaona miraba mitupu ya kijivu, hakuna barabara wala majina ya vijiji, lakini kitone cha buluu kinasogea taratibu kuelekea magharibi. Kitone hicho ndiyo kazi ya GPS. Kilichokosekana ni picha ya ramani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikila bando. Nimesema dirishani kwa sababu bati la behewa linazuia mawimbi, kipokezi kinataka kuiona anga.

Kuna sababu nyingine inayowachanganya watu. Simu ikiwa na intaneti, huvuta kwa haraka taarifa za njia za setilaiti. Bila intaneti inabidi izisikilize kutoka kwa setilaiti zenyewe, ambazo hutuma polepole mno, biti 50 tu kwa sekunde. Kwa hiyo kitone kinaweza kuchukua nusu dakika au dakika kadhaa kutokea, na mwenye simu ameshaghairi na kuirudisha mfukoni.

Ziwani jambo hili ni zito. Mvuvi wa dagaa anatoka usiku, anauacha ufukwe, mtandao unapotea, naye anaizima simu akiamini kwamba huku GPS haishiki. Inashika, na kule ambako hakuna paa wala miti inashika vizuri. Anachotakiwa ni kupakua ramani kabla ya kutoka, kwa programu kama Organic Maps au OsmAnd. Hata Google Maps inaruhusu kuhifadhi eneo. Na hata bila ramani, ziko programu zinazoonyesha latitudo na longitudo, tarakimu ambazo mvuvi anaweza kuzisoma na kumtajia mwenzake mwenye redio ya mawasiliano.

Na traka ya kwenye basi? Ile ni vitu viwili ndani ya kasha moja: kipokezi cha GPS na laini ya simu. GPS inaiambia traka ipo wapi na inakwenda kasi gani. Laini ndiyo inayopeleka habari kwa mwenye basi au LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini Tanzania. Ukiichomoa laini, traka itaendelea kujua ilipo ila haina wa kumwambia. Vivyo hivyo kwa simu: anayekujulisha kwa wengine ni programu uliyoipa ruhusa ya lokesheni, kisha ikatuma kwa intaneti. Na aliyezima GPS akidhani amejificha aelewe kwamba minara ya simu bado inajua takriban yuko upande gani, ilimradi laini iko hewani.

Kwa hiyo ukitaka kujua mwenzako yuko wapi, omba lokesheni yake, usiombe "GPS yake". Basi likiwa na kifaa cha kulifuatilia, sema lina traka. Na mwanafunzi akiniandikia My GPS has no internet, sikati kwa wino mwekundu. Naandika pembeni My map is not loading, na namweleza kwamba kilichokata pale ni bando.